Siku Nyanya Alipokosea Jina la Marehemu

Wewe rafiki yangu unajua mimi si mtu wa kupiga kelele hospitalini. Lakini wiki jana nilipiga. Daktari kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu ualimu na kubaki na mashairi yangu, alinipa maneno matatu niyashike: kiti, mto, chungwa. Tukaongea mambo mengine kidogo, halafu akaniomba nimrudishie. Kiti nikakitoa. Mto nikautoa. La tatu nikalitafuta hadi jasho likanitoka, likakataa. Akaandika kitu, akageuza kiti chake, akamtazama binti yangu.

"Mama ameanza kusahau," akamwambia. "Hali itazidi. Itabidi mumwangalie, asiwe anatoka peke yake."

"Niko hapa," nikasema. "Ugonjwa ni wangu. Niambie mimi."

"Mama, tulia," binti yangu akasema, akanishika mkono kama mtu anayemzuia mtoto asiingie barabarani.

Hapo ndipo nilipopaza sauti, na sitakuambia nilisema nini. Tulipotoka, binti alitaka tuelekee Mamboleo, hapo hapo Kisumu, ambako ninaishi naye. Nikamwambia hapana, nipeleke nyumbani kwa baba yangu, ng'ambo ya Kombewa. Kuna jambo nataka kulisema huko nikiwa bado nalikumbuka. Njia nzima nilimsimulia. Sasa nakusimulia wewe.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba. Baba alifanya kazi ya reli mbali na nyumbani, na mama alikwenda naye. Nyanya tulimwita Dani, kama kila mtoto wa Kijaluo anavyomwita nyanya yake. Boma lake lilikuwa pale ardhi inapoteremka kwenda ziwani, mawe meusi kila mahali, na juu ya mawe hayo ndipo tulipoanika omena, dagaa wa ziwa letu. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku na kunguru, jua likinichoma utosini, harufu ya samaki ikinigandia mpaka kwenye sare ya shule. Jioni tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, kwa mrenda uliotiwa magadi ukateleza vizuri. Sijala tena chakula kama kile. Kila mtu husema hivyo juu ya chakula cha utotoni, najua, lakini mimi nasema kweli.

Alfajiri niliamshwa na jiwe la kusagia. Dani alisaga mtama huku akitunga. Mwendo wa jiwe ndio uliompa mwendo wa wimbo. Akikosa neno, jiwe lilisimama, akilipata, likaendelea. Alikuwa mwimbaji wa matanga. Mtu akifa popote kuanzia kwetu mpaka Kombewa, walimfuata yeye. Alisimama mbele ya jeneza akamwimba marehemu: ukoo wake, ng'ombe wake, ukarimu wake, hata uchoyo wake, watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Hakujua kusoma. Majina ya watu wa vizazi sita yalikuwa kichwani mwake, na hakuna aliyemsaidia kuyabeba.

Nilikuwa na miaka kumi na moja yalipoanza kumponyoka. Alitia chumvi mara mbili. Aliniita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa mdogo. Siku moja nilimkuta njiani, amebeba debe la maji, amesimama tu. Nilimuuliza ana nini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nionyeshe nyumbani ni wapi, lakini usimwambie mtu."

Alijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alijua. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa amenipa daftari jipya kwa kuandika insha nzuri. Dani alipoliona akaniketisha karibu na jiwe. "Andika," akasema. "Neno halina miguu, lakini huondoka." Tangu siku hiyo, kila nikirudi kutoka shuleni, alinipa beti chache. Hazikuwa nyimbo za wafu. Alikuwa anajiimba mwenyewe, akili yake na uzee wake. Alitunga kwa Kijaluo, na nimejitesa miaka mingi kukumbuka. Nimebaki na hizi tu:

*Kuku wangu wanajua nyumbani,*
*mimi nauliza njia.*
*Msinicheke, ninyi wenye meno:*
*kinywa kilichowaimbia baba zenu*
*leo kinapapasa gizani kikitafuta jina langu.*

Daftari lilikaribia kujaa. Halafu akafa tajiri mmoja wa kijiji jirani, na Dani akaitwa.

Nilikuwepo. Nilimshikia kigoda chake. Alianza vizuri, sauti imesimama, wanawake wakimwitikia. Akafika mahali pa kumtaja marehemu, akanyamaza. Niliona midomo yake ikitafuta. Nilitaka kumnong'oneza, lakini mtoto hasemi mbele ya jeneza. Akalipata jina, akaliimba kwa nguvu zake zote, mara tatu. Lilikuwa jina la mdogo wa yule marehemu, na mdogo mtu alikuwa amesimama pale pale, mzima, kofia mkononi.

Watu wakaguna kama ng'ombe walionusa simba. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Amemwita kaburini!" Dani akatazama huku na huku akitabasamu, akidhani wameupenda wimbo.

Wiki haikuisha, yule mdogo mtu akashikwa na homa kali. Watu wa marehemu wakaja nyumbani kwetu. Walizungumza na baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na mamlaka ya boma. Sisi watoto tulifukuzwa. Asubuhi iliyofuata baba mkubwa alipigilia komeo kwenye mlango wa Dani. Alilipigilia kwa nje.

Akaja mhubiri pia, mtu mrefu mwenye viatu safi. Yeye na waumini wake waliomba na kupiga makofi kuuzunguka ule mlango, kisha mhubiri akaniita. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mtoto anaandika nyimbo za mashetani.

"Mtoto, Mungu anakuona," akasema. "Daftari liko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema limeanguka ziwani. Nilikwenda moja kwa moja nikainua mkeka, nikampa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Akachana karatasi moja moja akazitia jikoni, penye mafiga. Moshi ukaingia kwa Dani kupitia nyufa. Nikamsikia ndani akiuliza, "Nani anapika? Nina njaa."

Nilimpelekea uji kila siku kwa miezi saba. Baba mkubwa alifungua, nikaingia, akafunga. Dani aliniuliza nani amekufa. Aliniuliza kwa nini amefungiwa kama ng'ombe mgonjwa. Baadaye hakuuliza kitu. Alisogeza mikono mbele na nyuma sakafuni, akisaga mtama usiokuwepo. Yule mgonjwa wa homa alipona ndani ya wiki tatu. Aliishi mpaka akazeeka, akaoa tena, akanenepa. Hakuna aliyekuja kusema basi, mfungulieni mama wa watu. Dani alikufa wakati wa mvua za masika, na mazishi yakaongozwa na yule yule mhubiri. Mwimbaji aliyekizika kijiji kizima alizikwa na watu wanaotazama saa zao.

Ndiyo maana nilitaka tufike kule. Baba mkubwa bado yu hai, amepita miaka tisini. Tulimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, lakini masikio na akili vizima kabisa, na nitakuambia ukweli, jambo hilo lilinichoma. Tulisalimiana. Binti yangu akaletewa soda. Mimi sikuketi.

"Baba, ulimfungia mama yako," nikasema. "Alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ninao mimi sasa. Nimekuja kukuuliza ulikuwa unafikiria nini."

Mkewe, aliyeketi kando yake, akainuka akaingia ndani.

"Wewe hukuwasikia walivyosema," akanijibu. "Walikuja na mafuta ya taa. Walisema akionekana nje tena, watachoma nyumba yake naye akiwa ndani. Ningefanya nini, niwaachie?"

"Ungeniambia."

"Ulikuwa mtoto."

"Baadaye nilikuwa na miaka ishirini. Nikawa na arobaini, nikija hapa kila Krismasi na sukari na majani ya chai. Hukuniambia."

Akaitazama mikono yake. "Alikuwa ananiita kwa jina la baba yangu," akasema. "Ananisihi nimfungulie, ananiita mume wangu. Utamwambia mtu jambo kama hilo?" Kisha akainua macho, naye pia akawa na hasira. "Na daftari ulilitoa wewe."

"Najua," nikasema. "Wewe hukunipiga. Mhubiri hakunipiga. Nililitoa tu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Kisumu, maneno ya kumvunja mzee yule. Hayakutoka, na safari hii si kwa sababu nimeyasahau. Nilikuwa na hasira vile vile, hata sasa ninayo, lakini haikuwa na mtu mmoja wa kumkalia. Nikamwomba anionyeshe kaburi nilisafishe.

Akanyoosha fimbo kuelekea ziwani. "Halipo, mwanangu. Ziwa lilipopanda, wewe ukiwa umeshaacha kuja huku, lilifika mpaka pale kwenye mkonge. Nyumba yake, kaburi lake, mawe yenu ya kuanikia omena, vyote viko chini."

Nilishuka na binti yangu mpaka ukingoni. Gugumaji lilikuwa limetanda kijani kibichi, huoni hata maji yenyewe. Hapakuwa na mtoto wa kufukuza kunguru wala omena ya kulinda. Jirani mmoja alitusalimia akatuambia samaki anawanunua sokoni, tena waliogandishwa. Nilijaribu kuonyesha kwa kidole: mlango ulikuwa pale, jiwe pale, pale nilikuwa nachotea maji. Nikajichanganya. Nikaonyesha mahali pawili kwa mlango mmoja. Binti yangu hakunisahihisha, nami nikamchukia kidogo kwa upole huo.

Watu hunisifu kwamba mashairi yangu ya siku hizi yana utulivu wa uzeeni. Huwa nawauliza, utulivu upi? Ninaandika kila asubuhi kwa kuwa najua kinachokuja, na najua kwamba wanaokuja nacho mara nyingi ni watu wema, watu wa nyumbani, wenye sababu nzuri. Kusahau ni ugonjwa, nao unakuja bila kumwomba mtu ruhusa. Kumzungumzia mtu kama kwamba ameshaondoka ni uamuzi.

Tuliingia garini, lakini binti hakuliwasha.

"Mama," akasema, "nilikosea kule hospitalini."

"Ulikosea."

"Lakini nami nikuambie ukweli. Nafanya kazi, nina watoto. Utaniuliza jambo moja mara kumi. Siku nyingine nitachoka. Nitakukasirikia."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno la heshima kama hilo tangu asubuhi ya siku ile. Hakunidanganya, wala hakunibembeleza kama mtoto.

"Nikasirikie," nikamwambia. "Lakini ukikasirika, nitazame mimi usoni."

Akanitazama. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, naye hakuyaondoa macho yake kwangu.