Soba kwa Maman

Niliporudi kutoka Japani, nilikokwenda kumwona mdogo wangu anayesoma huko, sanduku nililifungulia jikoni, koti bado mwilini. Ndani mlikuwa na pakiti za soba, na tangu ndege itue nilikuwa nikiwaza hizo tu.

Soba ni tambi nyembamba za kijivu. Mdogo wangu alinifundisha kuzila baridi: unazichemsha, unazisuuza mpaka ziteleze vidoleni, kisha unachovya kwenye mchuzi wa soya wenye ladha ya samaki mkavu.

Mama yetu, ninayeishi naye hapa Schaerbeek, akaja kusimama mlangoni. Amekaa Ubelgiji miaka mingi, lakini tumbo lake bado liko Bukavu. Bila bugali, ugali wa kwao, hajala. Safari ya Japani aliikataa. "Kule nitakula nini?" aliniuliza, mazungumzo yakaishia hapo.

Aliponiona natia barafu kwenye tambi, akashika kiuno.

"Unapika, kisha unatia glace? Donc ulikuwa unapikia nini?"

"Onja tu, maman."

"Bon. Kidogo."

Nikamwonyesha wanavyozila kule, kwa kuzivuta mdomoni kwa sauti. Utotoni alitukanya vikali tusile kwa kelele, kwa hiyo nilitegemea kugombezwa. Akachukua uma, akavuta taratibu. Akavuta tena, na safari hii hata jirani angesikia. Mchuzi ukamrukia kwenye kitenge, wala hakuufuta.

"Hii inanukia kama sambaza," akasema. "Ile samaki ndogo ya kukauka, ya kwetu."

Nikachemsha pakiti ya pili bila kumwuliza. Zilipokwisha, nikamimina maji ya moto ya tambi kwenye mchuzi uliobaki, nikampa anywe kama chai. Akanywa yote.

Ilikuwa mchana; kwa mdogo wangu ilikuwa jioni. Nikampigia simu. Kabla sijamaliza kumsimulia, maman akaninyang'anya.

"Mutoto yangu, nimekula soba yako. Iko muzuri. Alors, nitakuja kukuona. Lakini unga yangu ya bugali nitaibeba."

Upande wa pili nikamsikia mdogo wangu akicheka na kulia pamoja.

Kesho yake tulipanda basi hadi kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles kumtafutia maman sanduku. Alizunguka duka zima, akachagua jekundu, kubwa kuliko langu.