Kidole Tumbo cha Profesa Luhende

Mwaka ule pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi na hospitali za serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa, Profesa Luhende aligundua kwamba watu wa vijijini wana shida. Alikuwa mzaliwa wa Sola, Usukumani, lakini ugunduzi huo aliufanyia Ulaya, mkutanoni. Aliporudi chuoni Dar es Salaam alikuwa na mradi, gari jipya, na madaktari vijana watatu wa kuwalea ili wazibe pengo la afya kati ya mjini na shamba.

Mmoja wao alikuwa Sayi, mhadhiri msaidizi, binti wa wakulima wa Ipililo. Aliamini kila neno la mradi ule, na hapo ndipo alipokosea.

Malezi yalifanyika Bariadi, katika ukumbi wa nyumba ya wageni ya mnunuzi mmoja wa pamba. Asubuhi walitazama slaidi za umaskini. Mchana walikula kuku. Jioni Profesa aliwafunda jinsi ya kupanda cheo: maneno gani humlainisha mfadhili, na kwa nini jina la mkubwa litangulie kwenye makala. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyevuka.

"Profesa, wagonjwa tutawaona lini?" Sayi aliuliza.

"Wagonjwa wapo siku zote, binti yangu. Semina inaisha Ijumaa."

Sayi akaanza kutoroka kwenda hospitalini. Maganga, daktari pekee wa upasuaji pale, alimpokea kama mtu aliyeletewa maji jangwani, wakawa wanapasua pamoja. Profesa alipojua, akamwita pembeni.

"Ukishazoea kupasua wake za wachunga ng'ombe, hutaandika tena. Utazeekea huku."

Siku mvua ilipokesha, Profesa alikuwa katikati ya slaidi ya vifo vya wazazi alipojishika tumbo na kukaa chini. Alidai apelekwe Mwanza. Gari la mradi likazama kwenye tope jeusi la mbuga, mji ukiwa bado unaonekana nyuma. Wakamrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, akilia kwa Kisukuma fasaha, lugha aliyokuwa akidai ameisahau.

Maganga alikuwa amesafiri. Sayi akambonyeza tumbo.

"Ni kidole tumbo. Kitoke leo."

"Wewe? Umeshatoa vingapi?"

"Semina yako haijanifundisha hata kimoja. Hapa nimeshatoa kadhaa."

Muuguzi Specioza akasogea. "Glovu na nyuzi analeta mgonjwa."

"Mimi ni profesa!"

"Hata maprofesa wanachangia, baba."

Duka la dawa lilikuwa limefungwa kwa mvua. Mama mmoja wa kijiji cha Shishiyu, Ng'washi, alikuwa ameuza mbuzi kununua vifaa vya kumzalishia bintiye. Akavitoa kwenye kapu lake. "Chukueni. Mwanangu hajaanza uchungu."

Profesa akapona. Asubuhi ya kuondoka, Ng'washi alipita kitandani kwake akamwamkia, "Mwangaluka, baba." Profesa akamjibu kwa Kiingereza. Vifaa vya kumrudishia mama yule alikuwa ameshavinunua Sayi, na ilikuwa heri, kwani uchungu wa bintiye ulianza jioni ya siku hiyo hiyo.

Sayi aliomba uhamisho wa kubaki Bariadi. Chuo kilimfuta kwenye malezi kwa "kukosa mwelekeo." Miezi ikapita, ndipo Athanasi, mwenzake wa semina, alipomtembelea akitokea mkutano wa Arusha.

"Profesa amesimulia habari zako saa nzima," alisema. "Anasema alikuongoza kila hatua ulipompasua, akiwa pale pale mezani."

"Alikuwa amelala usingizi wa dawa!"

"Watu walisimama kumpigia makofi."

Sayi alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye, peke yake, hakucheka.

Mwaka uliofuata akaletewa madaktari vijana wawili awalee. Hakuwa na ukumbi. Aliwapeleka moja kwa moja wodi ya wazazi, ambako kina mama walikuwa wamelala wawili wawili kitandani. Daktari mmoja akatazama, akaomba apewe glovu. Mwenziwe aliuliza posho ya kikao inalipwa lini.