Bakuli la Firigisi

Ninapowafundisha wanawake wa mtaa wa Nyalenda ufugaji wa kuku, huchora mabanda matatu ubaoni. La kwanza ni la vifaranga, la pili ni la kuku wa mayai, na la tatu ni dogo, limekaa peke yake karibu na lango. Hilo la tatu halimo katika vitabu vya mafunzo. Msichana aliyenifundisha mimi alichora mabanda mawili tu, na alikuwa mwalimu mzuri kunishinda. Hakosekani mwanamke wa kuuliza, "Na hiyo ndogo, Mama, ni ya nini?" Mimi hujibu kwamba ni la kuku wa matanga ya majirani. Wao hucheka. Wanadhani nawatania, maana nina mdomo, na mara nyingi nawatania kweli. Kisha naendelea na habari za chanjo, na yaliyobaki siwaambii.

Mimi na mume wangu tuliishi Obunga, mtaa wa maskini mjini Kisumu, miaka mingi. Yeye alikuwa hamali sokoni, akibeba magunia ya watu. Mimi nilikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Tulichopata asubuhi tulikila jioni. Mgongo wake ulipoyakataa magunia tulirudi kwao, kijiji cha ufukweni kisicho mbali na Kisumu, tukiwa na godoro, sufuria na aibu kidogo ya watu waliokwenda mjini wakarudi vile vile.

Mafunzo yalikuja kupitia kanisa letu. Nilikwenda mimi kwanza, kwa ajili ya chai na mandazi, sitaki kuficha. Siku ya pili mume wangu alinifuata kuona ni nani huyo anayemnywesha mkewe chai. Akakaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Juma halijaisha alikuwa amehamia mbele, akiuliza maswali mpaka wenzake wakaguna.

Kilichomhamisha ni swali moja. Yule msichana alituuliza: kuku wako ni wa nini? Mzee mmoja akajibu ni mboga ya mgeni, na sote tukaitikia, kwa sababu kwetu mgeni wa heshima akiondoka bila kuonja kuku amefukuzwa kwa adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msichana akasema, "Basi kuku ni wa wageni. Nyinyi ni walinzi wao tu." Watu walicheka. Mume wangu hakucheka. Tulitembea mpaka nyumbani, kisha mlangoni akasimama.

"Huyo mtoto amesema ukweli," akaniambia. "Tangu nizaliwe mimi ni askari wa kuku za wageni."

Nitasema wazi kwamba mafunzo yale yalitutoa shimoni, asije mtu akadhani nayalaumu. Tulifundishwa kuchanganya chakula kwa vumbi la omena, dagaa wa ziwa letu, na pumba, badala ya kuwaacha kuku wajitafutie. Tulifundishwa kwamba kideri, ugonjwa uliokuwa ukifagia kuku wa kijiji kizima kila mwaka huku sisi tukisema ni upepo mbaya, una chanjo, tone moja tu jichoni. Chupa ya chanjo ikishafunguliwa hailali, na dozi zake ni nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo mume wangu aliwaita majirani wote walete kuku wao. Walikuja wamewakumbatia kuku kama watu wanaopeleka watoto kliniki. Mwaka ule ugonjwa ulipita vijiji vya jirani, kwetu kuku wakabaki wamesimama. Wakaanza kumwita Daktari. Alijifanya hapendi.

Tulifundishwa pia kumtafuta mnunuzi kabla ya yai kutagwa. Hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimekaanga samaki Obunga, nilijua kusimama mbele ya mtu mpaka anunue. Nikapata hoteli mbili ndogo mjini na vijana wanaouza mayai ya kuchemsha kituo cha magari. Niliacha kununua unga kwa kikombe. Kitinda mimba wetu alimaliza shule bila kurudishwa nyumbani hata mara moja kwa sababu ya karo, na mume wangu alipenda kulisema hilo kanisani kuliko alivyopenda kuimba.

Sasa nije kwenye ukaidi wake. Msichana wa mafunzo alisema tusile mtaji. Mume wangu akalifanya liwe sheria ya nyumba: kuku haliwi. Shemeji zake walikuja kutoka mbali wakala omena. Mchungaji alikuja akala omena. Mimi mwenyewe nikawa namchokoza. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata ikiwa ndogo kama ukucha; mke hagusi, mtoto haombi.

"Wewe ndiwe mwanamume pekee hapa mwenye kuku wengi hivi," nilimwambia, "na huijui tena firigisi inavyotafunwa."

"Nitakula," alisema. "Acha kwanza tusimame."

Kwa wageni tungesamehewa. Kwa matanga, hapana. Kwetu mtu akifa, kila boma hupeleka kitu, na mwenye kuku hupeleka kuku. Haiandikwi, haiulizwi. Jirani yetu mzee, ambaye ukuta wa banda letu ulikuwa unatazamana na jiko lake, alifiwa na mke. Mwanamke huyo ndiye aliyenipa moto wa kwanza tuliporudi kutoka Obunga. Mume wangu alikwenda kumlilia, na alilia kwa kweli. Mkononi alikuwa na trei moja ya mayai.

Nani aliwahi kusikia mayai matangani? Wanawake waliyapokea, wakayaweka kando ya mlango, na hapo yalibaki mpaka siku ya maziko. Niliyaona kila nilipopita na sufuria. Baadaye wana wa yule mzee walikuja kutaka kuku wa kuwalisha waombolezaji, na mume wangu akawauzia bei ile ile ya hoteli. Nilimwambia nyumbani kwamba ametuvunjia ujirani. Akasema, kwa upole, kwamba tukitoa kuku kwa kila msiba wa kijiji hiki, kabla ya mvua nitakuwa nyuma ya karai la mafuta Obunga. Hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu aliyebeba magunia na kuogopa kuyarudia. Nilimwelewa, na nilimkasirikia, na yote mawili bado yako.

Siku ya chanjo iliyofuata, majirani wachache sana walileta kuku wao.

Kisha presha ikamwangusha. Alilazwa mjini, upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umekwenda kando. Maneno yalimtoka kwa shida, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kuku.

"Nikienda, wasiguse kuku," alisema. "Ndugu zangu watataka. Kataa. Hizo ni zako. Wakila hizo, wewe utarudi kukaanga mifupa."

Nilimwambia asiseme mambo ya kufa. Akanishika kidole kwa mkono ule uliobaki mzima mpaka nikasema ndiyo. Hatukuzungumza tena mengi baada ya hapo.

Alikufa kabla sijaizoea hali ya kumwona amelala. Nilirudi nyumbani kutayarisha matanga, na hapo ndipo nilipojua tulikuwa wapi. Watu walikuja. Siwezi kusema hawakuja. Walikuja kama wateja wanavyokuja: walisimama, wakatazama, wakanipa mkono, wakaondoka. Aliyekaribishwa kiti alisema ameacha chungu motoni. Wanawake ambao kwa kawaida huingia jikoni mwa mfiwa bila kubisha, wakamtoa mwenyewe kwa kumsukuma, hawakuingia. Niliwasha moto wangu mwenyewe. Nilipika ugali na omena na maharagwe, nikaulazimisha usiku upite na watoto wangu na shemeji yangu mmoja, ndugu mdogo wa marehemu. Hema tulilokodi lilikuwa na viti vitupu. Na kuku, ambao hawana adabu, walipiga kelele kutwa nzima kama nyumba yenye sherehe.

Mwili ulifika Ijumaa mchana kutoka mochari. Kwetu mtu maarufu kidogo tu hupokelewa barabarani kwa vilio. Daktari wa kuku wa kijiji kizima alipokelewa na mbwa wetu. Niliona vijana wakilishusha jeneza, wanangu na madereva, na moyo wangu ukauma kuliko ulivyouma hospitalini. Kule alikuwa anakufa. Hapa alikuwa amekataliwa.

Shemeji yangu akanivuta pembeni ya nyumba.

"Shemeji, sijui nisemeje. Watu ya kuchimba haijakuja."

"Umewaita?"

"Nimeita. Kila mtu ako na kazi. Mmoja ameniambia, atachimba, lakini hapa wanalipwa na nini, mayai?"

Kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji. Halichimbwi na vibarua wa kukodi, si kwetu, si kwa mtu aliyezaliwa pale. Nilikaa kwenye ngazi ya banda. Ndani kuku walikuwa wamefikia kilele cha utagaji, manyoya yao yanang'aa. Ndio wakati ambao mfugaji hulala usingizi mzuri. Walikuwa unga wangu, dawa zangu, uzee wangu. Nilikuwa nimemwahidi ameshika kidole changu. Nikamkasirikia sana mle alimolala. Umenifunga, nilimwambia kimoyomoyo. Nikiwaacha hawa hai, utazikwa na mkeo na watoto wako kama mtu aliyeokotwa.

Nikainuka, nikaenda kwa yule mzee jirani aliyeletewa mayai. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, anaangalia upande wetu. Nadhani alikuwa ameangalia upande wetu juma zima.

"Baba," nikasema, "nimekuja kuomba watu wa kuninyonyolea kuku."

"Kuku gani?"

"Zote."

"Hata ile ya mayai?"

"Hiyo ndiyo iko."

Akanitazama usoni kuona kama ni hasira. Kisha akaita wakaza wanawe kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afiwe. "Chukueni visu. Kwa jirani kuna kazi."

Nitasema ya baadaye sasa hivi, ili nimalize pale ninapotaka kumaliza. Nilirudi kukaanga mgongo wazi, kama alivyosema. Banda lilikaa tupu misimu miwili. Lakini kuku ndio walioliwa, nilichofundishwa hakikuliwa. Nilijua kulea kifaranga, nilijua chanjo, nilijua wanunuzi wangu kwa majina ya watoto wao. Yule msichana wa mafunzo alikuja, akaliona banda, akalia, kisha akaniuliza nahitaji nini. Yule mzee alinipa matetea wawili walalie mayai. Leo siku ya chanjo uwanja wangu haupitiki. Na karibu na lango nina banda dogo ambalo kuku wake siwapigii hesabu. Nimejitegemea, wanasema, na huniita niwaambie wengine. Ninawaambia. Lakini ningependa awepo mmoja wa kunibishia hilo la kujitegemea.

Ijumaa ile wanawake waliingia kwangu na visu na mabeseni yao. Hawakusalimia sana, mmoja alinisukuma kutoka jikoni, na hapo ndipo nilipoanza kulia kama mfiwa. Maji yalichemka, manyoya yakaruka. Walipowapasua wale kuku walikuta ndani yai lenye ganda tayari, na nyuma yake kiini kikubwa, na nyuma yake kidogo zaidi, vikifuatana mpaka vilivyo kama mbegu ya mtama: la kesho, la kesho kutwa, la mtondo. Kila kuku alikuwa hivyo. Wanawake wenyewe ni wafugaji, walijua wanachokiona. Waliviweka kwenye mchuzi, na mmoja wao akaninyanyua nisiendelee kutazama.

Watu walijaa. Hema halikutosha. Walilia vizuri, kwa sauti, wakamwita Daktari, na mimi nilisikia kwamba walikuwa wamelihifadhi jina hilo. Jioni ilipokuwa inaingia, mkaza mwana mkubwa wa yule mzee akatoka jikoni ameshika bakuli kubwa kwa mikono miwili.

"Mama, hizi ni za mwenye nyumba," akasema kwa mazoea, kisha akajisikia, akasimama pale pale.

Zilikuwa firigisi. Za kuku wote wale, zimeoshwa, zimekaangwa, zimejaa mpaka juu. Hakuna mwanamke aliyejua aziweke wapi. Nilimtazama shemeji yangu, kwa kuwa yeye sasa ndiye aliyekuwa na haki nazo. Akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi," akasema. "Hizo si zangu."

Nyuma ya nyumba yalisikika majembe. Vijana walikuwa wamekuja, wengi kuliko shimo lilivyohitaji, wakipokezana.

"Wapelekeeni wanaochimba," nikasema.

Nilikwenda nao mwenyewe. Bakuli likazunguka, kila mmoja akachukua kwa mkono wenye udongo. Aliyekuwa ndani ya shimo hakuonekana ila mkono, ulionyooshwa juu, na mimi ndiye niliyemwekea.