Mstari wa Kufuta Marudio

Kidato cha nne nilikimaliza kwa alama ambazo mama alisema tusiwaambie majirani wetu wa mtaa wa Nyalenda. Lakini kompyuta tulielewana. Nilijifunza kuandika skripti za takwimu kwa video za bure kwenye simu, nikapata kazi ya ukarani wa data, na kila asubuhi nikienda kazini nilikuwa nishajiona bingwa mwenye ofisi yake, dirisha kubwa linatazama ziwa.

Vituo vya afya vya mwambao wa ziwa huandika wagonjwa kwenye rejista, kisha huwaingiza kwenye sistimu. Sisi makarani tunaivuta data hiyo, tunaisafisha, tunatoa ripoti. Wenzangu walisafisha kwa macho, siku tatu nzima. Mimi niliandika mistari kumi na miwili ya amri, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Nilioupenda zaidi ni ule wa kufuta marudio. Mtandao ukikatika, wauguzi hutuma rekodi ile ile mara mbili. Basi jina, tarehe na kituo vikifanana, kompyuta inabaki na rekodi moja, nyingine inaitupa. Nilimwonyesha hata mama. Alisema ni vizuri, ingawa hakuelewa kitu.

Mwaka ule ilipatikana mashine ya oksijeni ya watoto wachanga, moja tu, iende kwenye kituo kilichopoteza watoto wengi zaidi. Orodha ilitoka kwenye skripti yangu. Kituo kimoja cha ufukweni, ambacho muuguzi wake mkuu alikuwa ameiomba mashine hiyo barua baada ya barua, kilitoka cha pili. Kilizidiwa kwa mtoto mmoja.

Orodha ilipomfikia, yule muuguzi alinipigia simu. Aliuliza kama mimi ndiye kijana wa kompyuta. Nikasema ndio, Sista, tena kwa fahari. Akasema rejista iko mbele yake, amehesabu na kurudia, na waliokufa kwake ni wawili zaidi ya ninaowaonyesha mimi.

"Sasa kijana wangu, kompyuta yako imewafufua?" akauliza. "Niambie ni akina nani, niwapigie mama zao."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Yeye alikuwa akifunua kurasa za rejista. Nikaacha.

Nilifungua data kabla ya kusafishwa, nikaona. Mtoto anayekufa siku aliyozaliwa haandikwi jina lake. Rejistani huwa "Mtoto wa," halafu jina la mama. Wanawake wawili, miezi tofauti, walikuwa wamejifungua pacha pale, na kila mmoja alizika wote wawili. Jina moja, tarehe moja, kituo kimoja. Mwambao huu wa Wajaluo kila mtu anajua pacha wataitwaje, wa kwanza na wa pili, hata kabla hawajazaliwa. Rejista ndiyo haijui. Na mimi niliyelelewa hapa hapa niliandika mstari usiojua pia.

Niliurekebisha, nikabonyeza tena. Kituo cha Sista kikapanda juu ya wote. Nilikimbia kwa mkubwa wangu na karatasi ikiwa bado moto kutoka kwa printa. Aliisoma polepole, akavua miwani. Alisema mashine ilishapelekwa jana, na kule ilikopelekwa nako wamezika watoto, sasa tumnyang'anye nani? Akaniambia niandike barua ya masahihisho, iwekwe kwenye faili.

Barua niliiandika. Halafu nikapanda pikipiki, nikapita Otonglo, hadi kwa Sista, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba kosa lilikuwa langu. Hakunifokea. Alifungua rejista, akaweka kidole kwenye zile safu nne za wale pacha, akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Alinifuata kwa kidole hadi nikamaliza ya nne.

"Mashine nyingine itakuja lini?" akauliza.

"Sijui, Sista."

Alifunga rejista. Barazani kulikuwa na mwanamke amekaa kwenye benchi, tumbo kubwa sana, viatu amevua kwa sababu ya miguu kuvimba. Sista alisema yule amebeba wawili, siku zake zinakaribia, basi itabidi aende mjini mapema akangojee hospitalini. Akatoka kumwambia.

Nilibaki ndani na rejista. Nilimsikia yule mama akikataa kwa upole, kwamba ana wengine wadogo nyumbani na hana wa kumwachia. Sista akaanza kumsihi upya, kutoka mwanzo, kwa Kijaluo.