Ngozi Juu ya Makaa

Mjukuu wangu anagonga vitufe vya mpira vya mashine yake ya kutengenezea midundo, na ngoma inalia kwenye spika. Mashine imepata moto. Harufu ya mpira wa moto, kama ya ngozi inayopashwa, inanirudisha kwenye ua wetu katika mtaa wa Katoyi, asubuhi ya sikukuu. Papa, baba yangu, mpigaji ngoma wa kwaya, alinituma nipashe ngoma moto kwenye makaa ili ngozi ikaze.

“We mutoto, toa ile ngoma! Itapasuka,” dada alisema.

“Ngoja kwanza. Leo mpaka mtaa wa Keshero watasikia.”

Niligonga kwa kidole. Sauti ilikuwa kali tayari, lakini nikaisogeza karibu zaidi. Ngozi ikachanika katikati.

Papa alitoka na shati lake jeupe. Aliitazama ngoma, akaibeba hivyo hivyo hadi kanisani. Misa nzima alipiga ubao wa ngoma kwa viganja, wala hakunigeukia.