Friji Iliyolala kwa Mama Mkwe

Mtaani hakuna aliyekumbuka jina halisi la Fundi Baridi. Hata mkewe, akikasirika, alimwita Baridi, na akifurahi alimwita Baridi wangu. Kibanda chake cha kutengenezea mafriji kilikuwa kati ya duka la rangi na kibanda cha fundi redio. Sakafu yake ya saruji ilikuwa sawasawa kama meza, na aliisugua kila asubuhi kama sakafu ya zahanati, kwa sababu, alisema, friji ni mgonjwa asiyejieleza na daktari wake hana budi kuwa msafi. Mteja alipoleta friji, Baridi alifumba macho, akasikiliza mota ikinguruma, na kabla hamjamaliza kusalimiana alikuwa amekwisha kutaja ugonjwa.

Ndiyo maana friji ya mama mkwe wake ilimchanganya tangu mwanzo. Haikuwa na mota.

Mama mkwe alikuwa mjane anayejenga nyumba kwenye kiwanja chake nje ya mji, mahali ambapo umeme ulikuwa haujafika. Ili awe karibu na waashi, alinunua trela la mtumba, lile la kuvutwa nyuma ya gari, lenye kitanda, jiko, meza ya kukunja na friji ndogo inayotumia gesi ya mtungi. Yeye hakuliita trela. Aliliita nyumba, na aliyekosea alisahihishwa hapo hapo. Ndani ya friji hiyo alihifadhi dawa yake ya sukari, ile ya kujidunga, isiyovumilia joto. Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha wachimba msingi wakaomba nafasi, wakalisukuma trela hadi kona ya chini ya kiwanja, na tangu hapo friji ikaacha kupoa. Dawa ikahamia kwenye chupa ya chai yenye vipande vya barafu, ambavyo binti yake alimpelekea kila siku kutoka mjini.

Hali hiyo isingeweza kuendelea. Watoto wa mama wakakubaliana kwamba friji isipopona kufikia Jumapili, mama atahamia mjini, kwa Baridi na mkewe.

"Nije kwenu nikae sebuleni kama kabati?" mama aliuliza. "Ndiyo kwanza nimepata mlango wangu mwenyewe."

Kesi ikaangukia mikononi mwa mkwe. Baridi alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hakuthubutu kuzungumza naye kwenye simu. Maswali yalipitia kwa mkewe.

"Mama anasema tangu waisogeze, imelala," mkewe alimwambia, simu ikiwa sikioni.

"Muulize, imelala kabisa, au inalala na kuamka?"

Mkewe akauliza, akasikiliza, akakunja uso. "Anasema, iamke iende wapi?"

Baridi alijikuna kichwa. Mama mkwe hakuwa mtu wa utani. Alifungasha spana zake, akaenda.

Alichokikuta kilimtoa jasho. Nyuma ya friji kulikuwa na kichomeo kidogo, na juu yake mabomba yaliyojikunja kama utumbo. Unawasha moto, na moto huo ndio unaoleta baridi. Baridi alisoma maelezo yaliyobandikwa mlangoni, akayasoma tena, akamtazama mama mkwe kama mtu anayeshuku kwamba anachezewa.

"Mama, hapa wanasema moto unapoza."

"Ndivyo ilivyokuwa ikifanya, mwanangu."

Akapiga magoti, akaingiza kichwa. Kwenye tundu la gesi alikuta utando wa buibui na masizi. Alifurahi mno, maana mkosaji kapatikana! Akasafisha, akapuliza, akawasha. Moto ukatoka wa buluu, mzuri, uliotulia. Bomba likawa la moto. Chai aliyoandaliwa aliinywa nje kwenye benchi, kama alivyofanya siku zote, kwa kuwa hakuona adabu kukaa akinyoosha miguu karibu na kitanda cha mkwe. Jioni alifungua friji. Ndani kulikuwa na joto la kabati la nguo.

Aliing'oa, akaibeba hadi kibandani, akaiweka juu ya ile sakafu yake na kuiwasha kwa mtungi wa kwake. Kesho yake asubuhi kulikuwa na barafu.

"Umeiponya!" alisema fundi redio.

"Sijaifanya chochote."

"Basi usiseme kwa sauti. Wateja wanasikia."

Akairudisha kwenye trela, akaifunga vizuri, akawasha. Siku iliyofuata simu ikapigwa. Imelala.

Sasa Baridi alianza kukosa usingizi yeye. Alichukua mtungi wa mama mkwe akaupeleka kibandani pamoja na friji, akidhani gesi ni mbaya. Barafu. Akairudisha friji na mtungi ule ule, ila kwa mpira mpya wa gesi na regulata mpya. Joto. Alizuia upepo kwa bati, akaliondoa bati. Alifikia hatua ya kunusa hewa ya kiwanja kile.

"Mimi naona iko wazi," fundi redio alimwambia. "Friji haimpendi mama mkwe wako. Wewe mwenyewe umeoa pale, unaelewa."

"Nyamaza wewe, redio zako zote zinaongea zenyewe."

Jumamosi alikwenda tena, bila wazo lolote jipya, ila aibu ya kukaa nyumbani ilimzidi. Mvua kubwa ikanyesha na benchi la nje likawa mto. Mama mkwe alifungua mlango.

"Ingia ndani unywe chai, mwanangu. Au unangoja nije nikubebe?"

Baridi aliingia, akakaa kwenye ukingo kabisa wa kiti, macho chini. Na kwa kuwa macho yalikuwa chini, yalitua kwenye kikombe. Upande mmoja chai ilikaribia kumwagika. Upande wa pili ilikuwa mbali na mdomo wa kikombe. Alikizungusha. Chai ikabaki vile vile.

"Mama," alisema polepole, "chai imeinama."

"Chai ndiyo umeiona leo? Si niliwaambia tangu mwanzo imelala?"

"Friji."

"Friji ilale, ina mto? Nyumba! Nyumba imelala upande. Nikiweka vitunguu mezani vinanikimbia hadi mlangoni."

Baridi aliinua macho. "Mama, mimi siku zote hizi nahangaika kuiamsha."

"Kuiamsha!" Mama mkwe aliweka birika chini. "Mtu anaambiwa nyumba imelala, anakuja na spana aiamshe!" Akacheka hadi akashika meza. Baridi hakuwahi kumsikia akicheka, na hakujua kama na yeye anaruhusiwa.

"Lakini mama, nilikuwa nauliza habari za friji."

"Uliniuliza kwa mdomo wa binti yangu. Mimi nikajibu kinachoniumiza mgongo."

Baridi alirudisha macho kwenye kikombe. Alikuwa akiifikiria sakafu ya kibanda chake. Kama ndani ya friji hii hakuna mota ya kusukuma, basi kilichomo kwenye mabomba kinajishukia chenyewe. Na kama bomba limeinama kuliko inavyotakiwa, hicho kinachoshuka kitakwama mahali fulani. Au hakitakwama. Hakuwa na hakika.

"Sijui kama ndiyo sababu, mama. Nisije nikakudanganya."

"Inyanyue hivyo hivyo. Mgongo wangu utakushukuru."

Mvua ilipokatika aliazima jeki na pimamaji ya kupimia usawa kwa mwashi. Alipoiweka pimamaji juu ya friji, kiputo chake cha hewa kilikimbilia pembeni na kung'ang'ania huko.

"Fundi, leo unajenga friji?" mwashi alimuuliza.

"Leo hata sijui ninachofanya. Leta matofali."

Waliinua upande wa chini, wakapanga matofali na mbao chini ya gurudumu, wakapima tena, mpaka kiputo kikatulia katikati. Baridi aliwasha moto na kuondoka bila kuahidi lolote.

Nyumbani alimkuta mkewe ameshatandika godoro sebuleni. Lilikuwa la watoto, ambao sasa walikuwa wamebanana kwenye kitanda kimoja wakigombania shuka.

Jumapili asubuhi simu ililia. Mkewe alisikiliza, akataja godoro lililokwisha kutandikwa, kisha akamnyooshea mumewe simu. "Anakutaka wewe."

Baridi alisimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imeamka."

Neno hilo sasa alikuwa akiliogopa. "Kitu gani kimeamka, mama?"

"Friji, mwanangu. Maji ya kwenye kikombe yameganda. Dawa nimeiweka rafu ya chini, isije nayo ikaganda. Na hilo godoro, warudishieni watoto."

Simu ikakatika. Baridi alibaki ameishika.

"Lakini moto," alimwambia mkewe, "unaletaje baridi?"

Mkewe alikuwa amekwisha kuinama, amekamata pembe mbili za godoro.

"Shika upande huo," alisema.