Kopo la Dagaa na Kopo la Mahindi

Harufu ya dagaa wakavu wa Majanji haibishi hodi. Juzi ilinipata Tororo, nyuma ya darasa, nikimkagua mwanafunzi wa ualimu aliyekuja na kitoweo mkobani. Kabla sijakaa vizuri nilikuwa nimesharudi darasa la tano, Busia, shingo ikiniuma.

Iliniuma kwa sababu ya mama. Aliuza dagaa na mahindi sokoni, akipima kwa gorogoro, lile kopo tupu la kilo mbili ambalo watu wa pande zote za mpaka wanaliamini kuliko serikali zao. Mimi nilikuwa mbebaji. Kila mzigo niliuhesabu nikiondoka, nikauhesabu tena nikifika, maana njia ya soko ina vidole vingi.

Mwaka huo chuo kilituletea Madamu Athieno, msichana kutoka Mella, aje ajizoeze kufundisha. Alichora mizani kwenye karatasi ya manila, ikapendeza ungetamani kuitundika sebuleni. Mizani yenyewe hakuwahi kuishika. Chuoni kwao, alituambia bila kuficha, uzito walisomea ubaoni.

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, tulilifanyia somo mazoezi, kama ilivyokuwa desturi. Anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili darasa zima lionekane lina akili. Swali kuu: gorogoro la dagaa na la mahindi, lipi zito? Jibu la kwenye notisi zake: yako sawa, kwa sababu gorogoro ni kilo mbili.

"Madamu," nikasema, "mbona la dagaa halinichoshi?"

"Nafula, hapa si sokoni. Tusome tulichoandika."

Wandera, jirani yangu wa dawati, akanifinya. "We, wacha kuharibia Madamu! Akianguka anarudia mwaka. Na kwao ng'ombe wa kuuza walipe karo wameisha."

Nilipiga hesabu usiku kucha. Kusema uongo sikutaka, kumwangusha sikutaka. Nikapata bei ya katikati: nitanyoosha mkono wa kushoto, nisichaguliwe, yaishe.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye kitambi, akabanwa na benchi letu. Madamu akaweka mezani makopo mawili, la dagaa na la mahindi, akauliza, mikono ikajaa hewani, Wandera akajibu kwa sauti ya askari, "Yako sawa, Madamu!" Ikawa imekwisha. Lakini mzee, ambaye mkataba wetu wa mikono hakuujua, akaninyooshea kalamu.

"Na wewe, mama mdogo? Mkono bado uko juu."

Mdomo wangu wa sokoni ukatangulia. "Mahindi ndiyo mazito, mwalimu. Dagaa kopo zima hata kilo hawafiki."

 Madamu angeniambia nimekosea, ningekaa chini, nakuapia. Badala yake alishika kopo hili mkono huu, lile mkono ule, akasimama nayo kama mtu anayesikiliza.

"Mtoto anasema kweli," akasema. "Mimi sijawahi kupima."

Akarudishwa chuoni, akarudia mwaka. Kabla hajaondoka alikuja sokoni, nami nikajificha nyuma ya magunia. Kumbe alitaka mizani. Mama akamwazimia ya jirani.

"Kuja, mwalimu. Kamata, haiumi."

Akapima dagaa, mahindi, jiwe, hata kandambili zangu. "Nafula," akanicheka, "huo mkono wako wa kushoto ni ghali."

Kwa miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyemwangusha. Sasa nafundisha walimu wa hesabu na sayansi, na nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Wanafunzi wangu wanachora vipimajoto vizuri mno. Nabeba mizani yangu mwenyewe darasani, nawapanga foleni, wengine wanaishika kwa ncha za vidole kama mtoto wa mtu. Kisha naenda kuwakagua na fomu. Visanduku vyake nimevihesabu mara mbili: kuna cha mwandiko, cha sauti, cha mavazi. Cha mwalimu anayesimama mbele ya watoto na kukiri kwamba hajawahi kupima, hakuna. Akitokea mmoja, huwa naandika pembeni kwa wino: huyu apite. Ofisi hunirudishia fomu na ujumbe uleule, niandike ndani ya visanduku.

Naandika tena pembeni.